Uimara wa Magurudumu katika Baiskeli za Friraidi

Friraidi ni mtindo wa kuendesha baiskeli za milimani ambao mwendeshaji hashindani na saa wala hafuati njia iliyochongwa kwa ajili ya mbio, bali huchagua mwenyewe jabali la kurukia, daraja jembamba la mbao la kupita juu yake, au mteremko ambao machoni pa wengi ni wa kuporomoka tu na si wa kuteremka. Mtindo huu ulikomaa katika miaka ya 1990 kwenye misitu yenye mvua ya North Shore, yaani milima inayoutazama mji wa Vancouver katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, na mwaka 2001 ukapata uwanja mwingine mashuhuri katika majabali makavu ya Virgin, jimbo la Utah nchini Marekani, yalikoanzia mashindano ya Red Bull Rampage. Mahali hapa pawili huumiza gurudumu kwa namna tofauti. North Shore mwendo ni wa polepole, kona ni kali, mbao na mizizi huteleza, na hivyo gurudumu husukumwa kwa ubavu huku maji na tope vikipenya kwenye beringi; Utah mwendeshaji huruka kutoka juu sana na kutua kwenye ardhi ngumu, na pigo huja kwa mkupuo mmoja kutoka chini. Mnunuzi wa magurudumu ya friraidi hana budi basi kuanza kwa kujiuliza ni pigo lipi kati ya haya mawili litakaloyapata zaidi, kwa kuwa hakuna gurudumu lililo imara kwa jumla bila kutaja ni imara dhidi ya nini.

Uteuzi mwingi mbaya hutokana na kutofahamu namna gurudumu linavyobeba mzigo. Mtu akiitazama baiskeli iliyosimama huona kana kwamba spoku, yaani zile nyaya nyembamba zinazounganisha kitovu na ringi, zimesimama kama nguzo chini ya uzito. Sivyo. Tangu Eugène Meyer wa Paris alipopewa hataza ya gurudumu la nyaya mwaka 1869, na James Starley wa Uingereza alipozilaza nyaya hizo kwa mshazari mwaka 1874, gurudumu la baiskeli limekuwa chombo kinachofanya kazi kwa mvutano: kila spoku hukazwa kwa nguvu kubwa kabla gurudumu halijabeba chochote, na uzito unapowekwa juu yake, spoku chache zilizo chini, karibu na ardhi, hupunguziwa mvutano, huku nyingine zikibaki karibu kama zilivyokuwa. Mhandisi Jobst Brandt alilieleza jambo hili kwa vipimo na hesabu katika kitabu chake The Bicycle Wheel cha mwaka 1981. Matokeo yake kwa mnunuzi ni makubwa, kwa maana gurudumu hubeba mzigo salama mradi tu mvutano wa spoku za chini haujaisha kabisa; ukiisha, spoku hulegea kwa nukta moja, ringi hukosa wa kuishika upande huo, na nipeli, ile nati ndogo inayokaza spoku kwenye ringi, hupata mwanya wa kujifungua yenyewe.

Spoku pia hukatika kwa uchovu wa metali zaidi kuliko kwa pigo moja. Kila mzunguko hulegezwa kidogo na kukazwa tena, na baada ya mizunguko isiyohesabika hukatika penye kiwiko, yaani pale inapopinda kuingia kwenye kitovu, au penye hesi zake upande wa ringi. Hii ndiyo sababu spoku iliyopunguzwa unene katikati, kwa mfano ile yenye milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati, huishi muda mrefu kuliko ile yenye milimita 2.0 mwanzo hadi mwisho, ingawa akili ya haraka hudhani kinyume: sehemu nyembamba hunyumbuka zaidi, hupokea pigo, na kuviepusha viwiko na mkazo. Anayeuziwa spoku nene kwa hoja kwamba unene ndio nguvu anauziwa nusu ya ukweli.

Ukubwa wa mapigo yenyewe unaweza kukadiriwa bila maabara. Mwendeshaji na baiskeli yake wakiwa na jumla ya kilo 95, nao wakaanguka wima mita 2 hadi ardhi tambarare, hufika chini wakiwa na mwendo wa takriban mita 6.3 kwa sekunde. Wakisimamishwa katika umbali wa nusu mita, kwa msaada wa shokapu na magoti yanayokunjika, nguvu ya wastani inayowapata huwa kama mara 5 ya uzito wao; wakisimamishwa katika sentimita 20 tu, kwa sababu magoti yalikazwa au shokapu iligonga mwisho, nguvu hiyo hufika mara 11. Gurudumu ni lile lile, baiskeli ni ile ile, na kilichobadilika ni namna ya kutua. Vilevile, atuaye kwenye mteremko unaofuata mwelekeo wa kuanguka kwake hugeuza sehemu kubwa ya mwendo ule kuwa mwendo wa mbele, ndiyo maana mruko wa mita 6 wenye mteremko mzuri wa kutulia huweza kuliacha gurudumu salama, ilhali mruko wa mita 1 juu ya ardhi tambarare huliharibu. Kinachoangamiza magurudumu kuliko vyote ni kutua kwa upogo, gurudumu likiwa halijaelekea baiskeli inakokwenda, kwa sababu gurudumu lina nguvu nyingi likibanwa kutoka juu kwenda chini na nguvu chache mno likisukumwa kwa ubavu.

Ikiwa hali ndiyo hiyo, si haki kulitaka gurudumu la friraidi lisiharibike kamwe. Jambo la kutakwa, na ambalo makala haya yanalishikilia hadi mwisho, ni kwamba gurudumu liharibike polepole, lioneshe dalili kabla ya kumwangusha mtu, na liweze kurudishwa kazini kwa vipuri vinavyopatikana na kwa mkono wa fundi wa kawaida. Kipimo hiki hubadilisha mpangilio wa matumizi ya fedha, kwa maana huiondoa ringi katika nafasi ya kwanza na kuiweka habu.

Habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye ekseli, beringi na kingo mbili zenye matundu ya spoku, ndiyo sehemu pekee inayoweza kudumu huku nyingine zote zikibadilishwa kuizunguka, na kwa hiyo ndiyo inayostahili kununuliwa bora tangu mwanzo. Kwanza litazamwe umbo lake: kingo zikiwa mbali moja na nyingine, spoku hupata pembe pana zaidi na gurudumu huwa gumu kupinda kwa ubavu, na hii ndiyo sababu upana wa habu za nyuma umeongezeka kutoka milimita 135 na 142 za zamani hadi 148, na katika baiskeli nyingi za kazi nzito hadi 157. Mbele, baiskeli nyingi za leo hutumia ekseli ya milimita 15 katika upana wa 110, na zile za mapigo makubwa hubaki na ekseli ya milimita 20, ambayo haipindi kwa urahisi. Vipimo hivi havichaguliwi kwa kupenda, bali hufuata fremu na uma wa mbele, na fedha nyingi zimepotea kwa magurudumu mazuri yaliyokataa kuingia.

Baada ya umbo huja kinachofichika ndani. Habu ya nyuma ina utaratibu wa meno unaonasa mwendeshaji anapokanyaga pedali na kuachia anapotulia, na utaratibu huo unapaswa kufunguka kwa urahisi ili usafishwe na kupakwa grisi, kwa kuwa tope la msituni litaufikia. Mwili unaobeba kaseti ya gia ukiwa wa alumini laini, sahani za gia huung'ata hadi kaseti ikawa shida kutoka, na mtu anayekanyaga kwa nguvu atapata amani zaidi kwa ule wa chuma cha pua, ingawa ni mzito kidogo. Beringi ziwe za aina iliyofungwa yenye namba ya viwanda iliyochapwa ubavuni, kwa mfano 6902, yenye vipimo vya milimita 15 kwa 28 kwa 7, au 6903, yenye 17 kwa 30 kwa 7. Namba hizo hazimilikiwi na kampuni yoyote ya baiskeli. Hupatikana katika maduka yanayouza beringi za mashine, na mwendeshaji aliye mbali na wakala yeyote wa baiskeli za milimani anaweza kuokolewa na duka la namna hiyo. Kampuni kama DT Swiss ya Uswisi na Hope ya Uingereza zimejijengea heshima si kwa sababu habu zao hazichakai, bali kwa sababu huuza vipuri vya ndani kimoja kimoja.

Kuhusu idadi ya spoku, Waafrika Mashariki hawahitaji kufundishwa kanuni yake, kwa sababu wameiona tangu utotoni. Baiskeli kubwa za mizigo zilizorithi muundo wa Kiingereza, zile ambazo Kenya huziita Black Mamba, kwa desturi huwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa gunia na abiria hukaa nyuma. Friraidi hutumia kanuni hiyo hiyo kwa hesabu nyingine: spoku 32 kwa kila gurudumu ni kiasi kinachofaa waendeshaji wengi, 28 huweza kumtosha mtu mwepesi kwenye gurudumu la mbele, na aliyezidi kilo 95 au anayerukia ardhi tambarare mara kwa mara hatajuta kutafuta 36, ingawa ringi na habu za idadi hiyo zimeadimika. Faida ya spoku nyingi haiishii kwenye nguvu, kwani moja ikikatika kati ya 32, ringi huyumba kidogo na mwendeshaji hurudi nyumbani akiendesha. Moja ikikatika kati ya 24, ringi huweza kupinda kiasi cha kusugua fremu.

Spoku hizo zisukwe kwa kupishana mara 3, yaani kila moja ivuke nyingine tatu kabla ya kufika kwenye ringi, na zisinyooshwe moja kwa moja kutoka kitovuni, kwa sababu breki ya diski huikamata habu na si ringi, na nguvu ya kusimamisha lazima isafiri kupitia spoku zilizolala kwa mshazari. Kati ya spoku zenye kiwiko na zile zilizonyooka, makala haya yanapendelea zenye kiwiko, si kwa ubora wake wa kihandisi, bali kwa sababu ndizo zinazopatikana katika karakana nyingi zaidi duniani. Nipeli ziwe za shaba nyeupe au ya njano na si za alumini. Tofauti ya uzito kwa gurudumu zima ni gramu chache, ilhali nipeli ya alumini iliyoshambuliwa na chumvi na unyevu hupasuka siku inapohitaji kuzungushwa.

Ringi ndiyo sehemu inayotazamwa zaidi na wanunuzi na kutangazwa zaidi na wauzaji, lakini kwa friraidi inafaa ihesabiwe pamoja na matairi na vitambaa vya breki, yaani vitu vinavyonunuliwa kwa kujua kwamba vitaisha. Kwa mtazamo huo alumini bado ina hoja yenye nguvu. Ringi nzuri ya alumini yenye kuta mbili, ambayo mkato wake ni kama sanduku lenye chumba ndani, hubonyea inapopigwa na jiwe, na kibonyeo kidogo huweza kurudishwa kwa spana na subira hadi tairi likashika tena. Ringi ya kaboni ni ngumu zaidi, huhifadhi unyoofu wake kwa miaka, wala haibonyei; lakini pigo lililozidi uwezo wake huipasua, na ufa wa kaboni haunyooshwi kwa spana. Zipo kampuni zinazotoa dhamana ya maisha kwa ringi za kaboni, na aliye jirani na duka linaloiheshimu dhamana hiyo anaweza kufanya hesabu zake. Aliye mbali, ambaye ringi mbadala itamfikia baada ya wiki za safari na ushuru wa forodha, atakuwa amenunua wepesi kwa gharama ya msimu mzima.

Upana wa ndani wa ringi, unaopimwa kati ya kuta mbili zinazoshika tairi, uwe kati ya milimita 28 na 32 kwa matairi ya inchi 2.4 hadi 2.6; ringi ya DT Swiss EX 511, inayotumiwa sana katika kazi hii, ina milimita 30. Kulikuwa na kipindi ambacho ringi pana mno zilisifiwa kupita kiasi, kisha ikaonekana kwamba tairi lililotandazwa sana huwa bapa juu, huziacha kuta za ringi wazi mbele ya mawe, na hushika vibaya kwenye kona.

Ukubwa wa kipenyo nao una uzito wake. Ringi ya inchi 26 ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi linapokaa, ya 27.5 ina 584, na ya 29 ina 622, na kadiri kipenyo kinavyokua ndivyo spoku zinavyorefuka na ringi inavyokuwa rahisi kupinda kwa ubavu. Gurudumu la 29 huvuka mizizi na mashimo kwa urahisi, lakini kwa uimara mtupu lile la 27.5 lina faida, na waendeshaji wengi wa friraidi huweka 29 mbele na 27.5 nyuma, ambako uzito hutua zaidi na ambako nafasi kati ya tairi na makalio ya mwendeshaji huhitajika kwenye miteremko mikali. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kutahadhari na jambo moja: ringi ya inchi 28 ya baiskeli nyingi za mizigo ina kipenyo cha milimita 635, na hivyo ni kubwa kuliko ile inayoitwa 29. Inchi katika baiskeli ni majina ya kihistoria kuliko vipimo, na namba ya kuaminiwa ni ile ya milimita iliyochapwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 61-622.

Tairi ndiyo ngao ya ringi, na hakuna fedha inayolinda gurudumu vizuri kama ile inayotumiwa kwenye tairi zito. Matairi ya kuteremkia yenye tabaka mbili za kitambaa ubavuni huwa na uzito wa kilo 1.2 au zaidi kila moja, na anayekimbia uzito huo akaweka tairi jepesi juu ya ringi ya gharama atanunua ringi mara mbili. Yatumike bila mpira wa ndani, yakiwa na majimaji ya kuziba matundu, na kwa anayepiga mawe mara kwa mara iongezwe pete ya sponji ngumu inayokaa ndani ya tairi la nyuma ili kupokea pigo kabla halijafika kwenye ringi. Upepo usishuke kwa kufuata mitindo: mtu wa kilo 80 anaweza kuanza na paundi 24 kwa inchi ya mraba mbele na 27 nyuma, kisha apandishe hadi asisikie tena mlio wa jiwe kugonga ringi. Mlio huo ukisikika mara mbili kwa siku moja, upepo hautoshi, hata kama tairi linashika vizuri namna gani.

Baada ya sehemu zote kuchaguliwa hubaki kazi ya mikono, ambayo ndiyo inayoamua. Magurudumu mengi yanayouzwa tayari husukwa na mashine, na mengine hutoka kiwandani yakiwa yamenyooka lakini mvutano wake ni mdogo na usio sawa, kwa maana unyoofu huonekana dukani na mvutano hauonekani. Spoku za upande wa kaseti hukazwa kwa nguvu ya kilo 100 hadi 120, kwa kadiri mtengenezaji wa ringi anavyoruhusu, na za upande wa pili huwa na mvutano pungufu kwa sababu kaseti imeusogeza ukingo wa kulia wa habu kuelekea katikati. Ringi ambayo matundu yake yamesogezwa upande mmoja hupunguza tofauti hiyo, nayo ipendelewe. Mnunuzi asiye na kipima mvutano ana masikio: akizipiga kwa ukucha spoku za upande mmoja, moja baada ya nyingine, zinapaswa kutoa sauti inayokaribiana, na ile yenye sauti nzito kuliko wenzake imelegea. Fundi mzuri, baada ya kukaza, huzishika spoku mbilimbili zinazoelekea upande mmoja na kuzibana kwa nguvu zote za viganja, ili viwiko vikae sawasawa mahali pake na mkazo uliobaki kwenye chuma utoke. Muuzaji asiyejua kitendo hicho ni cha nini hafai kukabidhiwa gurudumu la friraidi. Baada ya safari mbili au tatu za kwanza gurudumu likaguliwe tena, kwa kuwa ndicho kipindi ambacho spoku hujipanga na nyingine hulegea.

Wapo watakaonunua magurudumu yaliyokwisha kutumika, hasa katika soko la baiskeli za mtumba zinazoshushwa kwa makontena Mombasa na Dar es Salaam, ambako mara nyingine huonekana gurudumu la kuteremkia la inchi 26 lenye spoku 36 na ekseli nene. Si vibaya kulinunua, mradi fremu ilipokee na matairi yake yapatikane. Akiwa na taa mkononi, mnunuzi achunguze kila tundu la spoku kwenye ringi, kwa sababu nyufa za uchovu huanzia hapo zikiwa nyembamba kama unywele, na ringi yenye ufa wa aina hiyo haitengenezeki. Aishike ringi na kuitikisa kwa ubavu ili asikie kama beringi zina mchezo, kisha aangalie kama upo mwandiko wa kundi la matumizi. Kiwango cha ASTM F2043 cha Marekani hugawa baiskeli katika makundi ya matumizi, ambapo kundi la 3 linahusu miruko isiyozidi sentimita 61, la 4 isiyozidi sentimita 122, na la 5 ndilo la kuteremka kwa kasi na kuruka zaidi ya hapo. Gurudumu la kundi la 3 lililo jipya na linalong'aa halifai kupewa kazi ya kundi la 5.

Siku ringi itakapofika mwisho wake, mwenye habu nzuri hatakuwa na haja ya kutupa gurudumu zima. Atatafuta ringi yenye idadi ile ile ya matundu na kipenyo kile kile cha ndani, yaani kile kinachopimwa kutoka kikalio cha nipeli moja hadi cha ile inayoikabili. Ataifunga kwa utepe wa gundi ubavuni mwa ringi ya zamani, tundu la vali likiwa sambamba na tundu la vali, atalegeza spoku zote robo kwa robo, kisha atazihamisha moja moja kutoka ringi hadi ringi, zile zilizopinda au zilizochubuka zikiwekwa kando na mpya zikichukua nafasi yake, kabla ya kuanza upya kukaza kuanzia kwenye vali.